Ruzuku ndogo za kutunza chanzo cha maji: GEF, Mfuko wa Misitu, EAMCEF au tuanzie bonde?

katibu_mlali
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo maana kikundi tumeshakaa vikao vitatu na hatuelewani. Tuko upande wa Mlali chini ya milima ya Uluguru, wanachama 27, wengi akina mama, na kijito chetu kinashuka mto Mzinga halafu bwawa la Mindu, kwa hiyo tukiharibu huku anayekunywa tope ni mtu wa Morogoro mjini. Zamani kiangazi maji yalikuwa magotini, siku hizi Septemba unavuka na ndala hulowi, ila mvua ikipiga sasa, yanakuja rangi ya chai ya maziwa.

Tunataka kupanda miti na majani kwenye kingo kama kilomita moja na nusu, halafu kufanya kazi na shule ya msingi, iwe na kitalu na watoto waujue mto wao. Tumeona njia nne: GEF, yaani mfuko wa mazingira wa dunia, ile ya ruzuku ndogo iliyoko UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa), Mfuko wa Misitu (TaFF), EAMCEF, mfuko wa milima ya Tao la Mashariki, ambao ofisi iko hapahapa Morogoro, na mjumbe mmoja anasema twende kwanza bodi ya bonde la Wami/Ruvu, wanaosimamia mito ya huku. Mwenyekiti anataka GEF kwa sababu hela ni nyingi, mimi naogopa. Tuna cheti cha halmashauri, katiba, na akaunti yenye laki nane na ushee. Nani ameshapita huko?

mama_miche
Mdogo wangu, una haki ya kuogopa lakini usiogope kitu ambacho sicho. Mimi niko Lushoto, kikundi chetu kilishapata hela ya GEF, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Kikomo kwa miaka mingi kilikuwa dola 50,000, ambayo ni zaidi ya milioni 100 za kwetu, ila usidhani kila anayeomba anapewa hiyo, wengi wanapata pungufu sana. Kuna kamati ya kitaifa inayokaa kuchambua na wajumbe wengi si wa serikali, hilo nililipenda. Na andiko si lazima Kiingereza, utaratibu wao dunia nzima unaruhusu lugha ya kwenu, hata video. Hela inakuja kwa awamu, humalizi ripoti ya kwanza huoni ya pili. Na wanataka mchango wenu, fedha au nguvukazi. Sasa hapo kwenye nguvukazi ndipo tulipoumia. Tuliandika kwenye andiko wanachama watachimba mashimo bure siku 40, kumbe siku ya 6 watu wanauliza posho iko wapi maana walisikia "milioni" redioni. Nilikosana na shemeji yangu mpaka leo hatusalimiani vizuri.

Halafu risiti. Fundi wa kijijini hana mashine ya EFD ya kutoa risiti, mwenye punda aliyebeba mawe hana, mama aliyepika uji hana. Msipoweka utaratibu wa hati za malipo zenye sahihi na shahidi tangu siku ya kwanza, mhazini atalia.

dogo_hela
Mbona mnajitesa, chukueni ile asilimia 10 ya halmashauri, akina mama 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, mmeshamaliza

mama_miche
@dogo_hela ile ni mkopo baba, hata kama hauna riba unarudishwa. Mkuyu unauza nini ukarejeshe marejesho ya mwezi? Ile wachukue kwa ajili ya mizinga ya nyuki au duka la miche, sawa. Kingo za mto hazilipi benki.

mstaafu_wa_bonde
Nimefanya kazi za maji miaka mingi, sasa nalima. Ngoja niweke sawa kitu kimoja kwanza, maana kila siku watu wanachanganya. Kuna vyombo vya watumia maji vya ngazi ya jamii, hivi viko na RUWASA, wakala wa maji vijijini, vinasimamia bomba na vilula, vimo kwenye sheria ya 2019. Na kuna jumuiya za watumia maji, hizi ziko chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009 na zinaenda na bodi ya bonde. Za kwanza zinauza ndoo ya maji, za pili zinalinda mto wenyewe, zinasuluhisha mwenye pampu na mwenye mfereji. Katibu, kikundi chako si chochote kati ya hivyo, ni kikundi tu. Si vibaya, ila ujue.

Bodi ya bonde haitakupa bahasha ya hela, usiende na matarajio hayo. Itakachokupa ni mtaalamu aje apime, mabango na vigingi vya mpaka wa chanzo, barua, na ikiwezekana kuwaunganisha na jumuiya iliyopo. Hiyo barua ndiyo dhahabu. Mfadhili yeyote ukimpelekea andiko linalosema bonde wamekuja wameona wamekubali, anakaa sawa kwenye kiti.

Na mita 60. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mto. Kilomita moja na nusu mara mita 60 mara kingo mbili, hebu piga hesabu ni mashamba ya watu wangapi.

katibu_mlali
Nimepiga mzee. Ekari 44 hivi. Kaya 31. Sikuwa nimeliona hivyo, shikamoo.

Bwana_Vinyungu
Marahaba kwa niaba yake hahaha. Katibu hapo kwenye kaya 31 ndipo mradi wako ulipo, hayo mengine ni karatasi. Sisi Iringa tunaishi kwa vinyungu, bondeni kiangazi ndiko kwenye mahindi mabichi na mboga, ndiko kwenye ada ya mtoto. Ukija na miche ukamwambia mtu hama mita 60, atakupa tabasamu, usiku anang'oa. Nimeona miche imemwagiwa maji ya moto jamani, maji ya moto!! Mtu kaamka saa nane usiku akawasha kuni achemshe maji ya kuua mche.

Nilichoona kinafaa ni kugawa ule ukanda. Pale pembeni kabisa ya maji acha matete, mianzi, mikuyu, hapo usijadiliane. Juu yake weka majani ya kukata, guatemala au mabingobingo, mtu avune alishe ng'ombe. Kwenu huko Mgeta si ndiko kuna mbuzi wa maziwa tangu enzi zile chuo cha kilimo SUA walipoleta, basi majani yana soko. Halafu juu zaidi matunda na matuta. Na mikaratusi hata kama mtu anakupa bure kataa.

mluguru_wa_matombo
Nimesoma nikasema nichangie kidogo. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo na ukoo unafuata mama. Wengi wanaolima kingoni wameazima. Na aliyeazima haruhusiwi kupanda mti, kwa sababu mti ni kama umechimba msingi wa nyumba, kesho utasema shamba ni langu. Kwa hiyo mkimpa mwazimaji miche 50 mnamgombanisha na mwenye ukoo wake hata hajaanza kuchimba. Kaeni na wakuu wa koo kabla ya andiko, SI baada. Iandikwe kwamba mti ni wa ukoo au wa kijiji na anayelima anavuna majani.

Mnikumbuke pia, babu zetu Matombo mwaka 1955 waliamka kupinga matuta ya mkoloni na mtu akafa. Matuta yenyewe hayakuwa na kosa kubwa, kosa ni amri, na kupoteza nguvu kwenye udongo ambao chini yake ukiufukua hauna rutuba. Mkija na neno "lazima" wazee wanakumbuka.

Wangechi_wa_Chania
Wacha na mimi wa Kenya niingilie, poleni kwa Kiswahili changu. Huku kwetu vikundi vya mto tunaviita WRUA na mfuko ni ule wa Water Sector Trust Fund, ulianzishwa na sheria ya maji ya 2002. Venye inafanyanga, kwanza mnatengeneza plani ya kijito chenu chote, juu mpaka chini, nani anachota, wapi kumemomonyoka, ndio sasa mnaomba pesa ya kitu kimoja kutoka kwa hiyo plani. Mnaanza na kidogo, mkimaliza hiyo poa mnapanda level. Watu walikuwa wanalalamika ati plani ni kupoteza time, lakini sisi yetu tumeitumia kuombea pesa kwa watu watatu tofauti, hatuandiki upya, tunakata tu kipande.

Pia kuna Upper Tana-Nairobi Water Fund ilianza 2015, idea yake ni kwamba Nairobi inakunywa maji ya Murang'a na Nyeri, basi mkulima wa huku juu asaidiwe. Hapo usitarajie cash mkononi, ni matuta, nyasi ya napier, miche, nailoni ya kutandika kwa shimo la maji ya mvua. Mimi naonaga hiyo ndio tamu kwa mkulima kuliko semina.

mstaafu_wa_bonde
@Wangechi_wa_Chania hapo umenikumbusha. Hata Uluguru lilishafanyika, kule Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF walisimamia mpango wa wanunuzi wa maji kumlipa mkulima wa mlimani anayechimba matuta na kupanda miti, na wanunuzi walikuwa DAWASCO, kampuni ya maji ya Dar wakati huo, na Coca-Cola Kwanza, maana maji ya Ruvu ndiyo ya Dar. Katibu nenda ukaongee na wakulima wa kule kabla hujaenda ofisi yoyote. Watakueleza kilichobaki na kilichoondoka na hela.

mwl_wa_mto
Naona shule mmeisahau wote. Mimi ni mwalimu wa msingi, nina klabu ya mazingira, na nasema ukweli miradi mingi ikija shuleni ni fulana, kofia na mwimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi. Katibu usiweke fulana kwenye bajeti tafadhali.

Chukua chupa mbili kubwa za plastiki zinazoonyesha, unganisha liwe bomba, chini bandika duara lenye nyeusi na nyeupe, mimina maji ya mto taratibu mpaka duara lipotee, pima kina kwa rula, ndivyo unavyojua tope ni kiasi gani. Kila Ijumaa saa nne, mahali palepale, daftari moja. Gharama yake haifiki elfu kumi. Halafu kuna njia inaitwa miniSASS, ilitokea Afrika Kusini, watoto wanageuza mawe na kuhesabu wadudu wa majini. Wakionekana wale wasiovumilia uchafu, mto una afya, wakibaki minyoo na ruba mto unaumwa. Darasa la tano wangu wanazijua aina zote kuliko mimi. Ila wavae gumbuti, na sehemu maji yaliposimama wasiingie kabisa, kichocho kipo.

Kumbe lile daftari likaja kuwa ndilo lililotusaidia kwenye ripoti, maana mfadhili aliuliza mtajuaje mradi umefanya kazi, wenzetu wengine wakaandika "jamii imehamasika", sisi tukatoa namba za mwaka na nusu.

katibu_mlali
Mwalimu hii nimeipenda mno. Sasa TaFF na EAMCEF je, mbona hakuna anayezigusa?

mama_miche
EAMCEF sisi Usambara tunaijua vizuri, ni mfuko wa milima ya Tao la Mashariki, upo tangu 2001, na wanapenda vijiji vinavyopakana na msitu wa hifadhi, wanasaidia mizinga, mabwawa ya samaki, majiko banifu, miche. Uliza kijiji chenu kinahesabika kinapakana na hifadhi ya Uluguru au la, kama la msipoteze wino. TaFF hela yake inatokana na tozo za mazao ya misitu, ina ngazi ndogo, ya kati na kubwa, na mlango wake ni miti. Ukiandika mtoto na chupa ya kupimia tope watakuuliza miti iko wapi, kwa hiyo shule iingie kama kitalu. Zote mbili mnasubiri tangazo, si kwamba unaenda Jumatatu na andiko kwapani.

Lakini sikiliza kitu ambacho hakuna aliyekwambia. KALENDA. Sisi mkataba ulisainiwa, hela ikaingia mwezi wa sita. Masika imekwisha! Mfadhili anataka "miche imepandwa" kwenye ripoti ya robo mwaka, tukapanda Julai, tukabeba ndoo kichwani mpaka shingo zikagoma, ikabaki kama theluthi. Miche mingine ilikaa kwenye viriba mpaka mizizi ikatoboa ikaingia ardhini. Siku hizi kitalu tunaanzisha kwa hela yetu ndogo kabla hata ya kujibiwa, hela ikichelewa miche ipo, isipokuja kabisa tunauza. Na bajeti iwe na palizi ya mwaka wa pili, karibu kila mtu anasahau palizi.

dogo_hela
Kwa hiyo mwenyekiti wa GEF ndo kashindwa 😂

katibu_mlali
Hajashindwa, nimemsomea uzi wote jana mbele ya wanachama, amenuna kidogo ila amekubali GEF isubiri kwanza. Tumeamua hivi: wiki hii wakuu wa koo, mluguru_wa_matombo ninakutafuta pembeni unisaidie namna ya kuanza mazungumzo. Kisha barua ya bonde. Mwalimu mkuu ameshakubali daftari la Ijumaa na tumeanza bila mfadhili, kipimo cha kwanza ni sentimita 23. Hao 31 tutawaendea nyumba kwa nyumba, na tumepunguza kilomita moja na nusu iwe mita 400 za mwanzo ambako wenye mashamba wawili ni wanachama wetu. TaFF wakitangaza tunaomba ngazi ndogo. Laki tatu kati ya ile nane inaenda kwenye kitalu sasa hivi ili masika itukute.

Mama_miche swali la mwisho, mikuyu mnaioteshaje? Mbegu zake ni kama vumbi, tumejaribu mara mbili hazijatoka.

mama_miche
Achana na mbegu. Kata tawi lenye unene wa mpini wa jembe, urefu wa mkono, liache kivulini siku mbili utomvu ukauke, choma ardhini pale penye unyevu mwanzo wa mvua. Mengine yatakufa, kwa hiyo choma mawili mawili. Na mwambie mhazini wako anunue daftari la hati za malipo leo leo.