Naombeni ushauri: ubishi wa Star Ocean umetugawa Mikindani

Wakuu, habari za muda huu. Kibanda chetu cha gemu huku Mikindani hakikaliki. Tunacheza Star Ocean: Till the End of Time, ile ya PlayStation 2 ya mwaka 2003 (asiyetaka kujua mwisho aishie hapa).

Inafichuka kwamba ulimwengu mzima wa akina Fayt, mhusika mkuu, ni gemu ya viumbe wa vipimo vinne. Bosi wao, Luther, anaufuta, lakini akina Fayt wanaendelea kuishi! Binamu yangu anadai basi hata Star Ocean ya pili, ambayo hadithi yake inatangulia hii kwa karne nne, ni data tupu. Mimi nasema wahusika wake waliumia, walipenda, ni kweli. Ila akiniuliza historia hiyo ilipita kweli au iliwekwa tu gemu ilipowashwa, nakwama.

Nimjibuje? Na Star Ocean ya 2016, ambayo hadithi yake iko katikati ya hizo mbili, inasaidia au inavuruga zaidi?