Arusha mjini hadi Ziwa Duluti kwa miguu: nipite wapi?

Mbio_za_Vumbi: Wakuu, Jumamosi nataka kukimbia kutoka Mnara wa Saa hadi Duluti. Lami siitaki. Nipite wapi, na nibebe maji?

BintiMeru: Kaka, barabara kuu ya Moshi achana nayo. Ile ya njia nne ni ya magari, utakula moshi tu. Pita Kijenge, shika Moshono, kisha Moivaro kwenye mashamba ya kahawa. Mimi kipande hicho nakipenda kuliko chote! Kukiwa hakuna mawingu, Mlima Meru unauona wote kushoto kwako. Kwa jumla unashuka, ila mabonde ya mito yatakupandisha tena, kwa hiyo usimalize nguvu mapema. Masika udongo ule unateleza kama sabuni, vaa viatu vyenye meno. Maji beba, maduka yapo vijijini, lakini alfajiri mengi hayajafunguliwa. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, jirani na ziwa, utapata ndizi mbivu na parachichi.

Mbio_za_Vumbi: Asante sana dada. Na ziwani kwenyewe?

Mzee_wa_Tengeru: Kijana, ule ni msitu wa hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo kiingilio kipo. Ziwa ni la kreta, na njia ya kulizunguka ni kama kilomita 3, kivuli mwanzo mwisho. Humo tembea, tafadhali. Kuna kenge, tumbili na furukombe, na wavuvi wanapita.

BintiMeru: Shikamoo mzee. Kweli kabisa, na maganda ya ndizi arudi nayo.