Arusha na Nairobi: mshahara unakaa wapi?

Anayehama mtaa wa Sakina, Arusha, kwenda kazini Nairobi apige hesabu gani?

— Mkuu, usilinganishe mshahara ghafi. Kenya wanakata asilimia 2.75 ya bima ya afya (SHA) na 1.5 ya nyumba, zote kwenye mshahara mzima, bado PAYE (kodi ya mshahara) na NSSF (akiba ya uzeeni). VAT kwao 16, kwetu 18, ila hiyo usiitegemee: pango la Nairobi linaimeza.

— Na umeme! Huku Tanzania D1, yaani bei ya umeme kwa nyumba zinazotumia kidogo, ni shilingi 100 kwa uniti hadi 75 kwa mwezi. Ukizidisha, 350. Jiko la umeme ndilo linalowaponza.

— Kibali cha kazi kwanza, jamani. Muhuri wa Namanga ni wa kuingia tu.