Tupeane uzoefu: kuandaa gari la spoti la zamani nyumbani kabla ya kulipeleka saketi (njia ya mbio za magari)

Wakuu, naanza na langu, nanyi mniongezee. Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa za kuchomoza, injini ya lita 1.6. Kila kitu nimekifanyia nyumbani. Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia nguvu: akiba yote iliishia kwenye ekzosi na filta ya hewa. Siku ya kwanza saketi, mzunguko wa nne, nikakanyaga breki na pedali ikazama hadi chini, laini kabisa. Nashukuru mbele yangu palikuwa na nafasi pana ya changarawe.

Nilipoifungua nyumbani, pedi zilikuwa nene na diski nzima. Ubovu ulikuwa kwenye mafuta ya breki, ambayo sikuwahi kuyabadilisha tangu ninunue gari. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hutakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila yakishalewa maji kiwango kinachokubalika ni 155 tu. Kwa mwendo wa dukani na kurudi hutajua. Saketini breki hazipati nafasi ya kupoa, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye mipira. Mafuta hayabinyiki, mvuke unabinyika, kwa hiyo nguvu yote ya mguu inaishia humo na pistoni haisogei.

Siku hizi nayabadilisha kabla ya kila msimu. Natoa upepo kwenye breki, gurudumu moja moja, naanzia la mbali na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), ndugu yangu akinikanyagia pedali. Jicho lisitoke kwenye kikopo cha juu cha mafuta ya breki: kikikauka mnaanza upya. Mipira ya breki nayo niliitoa yote. Ilikuwa na nyufa ndogo ukiikunja, na ilikuwa na umri sawa na gari lenyewe.

Jibu la kwanza

Mkuu, pole, na umesema kweli. Mimi ni wa Porsche 944. Aliyeniuzia aliniambia belti ya taiming ni mpya, lakini risiti hakuwa nayo. Nikaamua kutomtegemea mdomo, maana kwenye injini hii belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Niliyoikuta ilikuwa na meno yaliyoanza kupasuka. Nikafunga mpya pamoja na rola zake na pampu ya maji, kwa kuwa ukishafika pale kazi ya kufungua ndiyo nzito, spea ni nyongeza ndogo.

Jambo la pili ni oili. 944 inajulikana kwa beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) namba 2 kufa saketini: kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na pampu inavuta hewa. Siingii saketi oili ikiwa chini ya alama ya juu.

Jibu la pili

Langu ni tairi. Zilikuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri, nikaona nimepata. Kona ya kwanza yenye unyevu gari likazunguka lenyewe. Baadaye nikasoma ubavuni: 0811, yaani wiki ya 8 ya mwaka 2011. Mpira ulishakuwa mgumu kama ubao. Angalieni hizo tarakimu nne za mwisho za namba ya ubavuni kabla ya kuangalia kashata. Na upepo pimeni mara tu mkitoka mzunguko, tairi zikiwa moto, kwa sababu unapanda sana kuliko ulivyojaza asubuhi.

Jibu la tatu

Naomba niseme hili kwa uzito: msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Jeki yangu ilishuka taratibu nikiwa nimeenda kuchukua spana. Dakika moja kabla nilikuwa nimelala pale chini. Wekeni stendi, sakafu ngumu, na tairi mliyoivua iingizeni chini ya bodi.

Mwanzisha mada

Asanteni sana, hasa hili la jeki. Kwa aliyeniuliza kando kuhusu rejeta: ya MX-5 ina tangi la plastiki juu, jeusi likiwa jipya. Langu lilikuwa limegeuka rangi ya udongo, dalili ya plastiki iliyochoka, nikaitoa kabla haijapasuka. Pia mzunguko wa mwisho naenda polepole bila kugusa breki ili zipoe, na nikisimama siweki handibreki. Naacha gari kwenye gia na kuweka kigingi.

Mkuu wa 944, hiyo oili unaipima lini, asubuhi tu au kila ukitoka?

Jibu la kwanza

Kila nikitoka. Nasimamisha gari pahali tambarare, nasubiri dakika kadhaa oili ishuke, ndipo navuta kijiti. Galoni ya kuongezea naitembeza nayo.