Wazee wetu waliletewa dini, au waliichukua wenyewe?

Ndugu zangu, jioni moja barazani Kariakoo mzee mmoja alituambia, "Babu zenu hawakuchagua chochote. Mwarabu kaja na yake, Mzungu kaja na yake, wao wakapokea." Wengi wakaitikia. Mimi nilikataa, na leo naileta hapa.

Tuanzie Pugu, karibu na Dar es Salaam, katika nchi ya Wazaramo. Wabenediktini wa Kijerumani, watawa wa Kikatoliki, walifungua misheni pale mwaka 1888. Januari 1889, pwani ilipowaka dhidi ya Wajerumani, misheni ikavamiwa. Wajerumani wakashinda vita, wakatawala, na kufikia 1902 kanisa la Mtakatifu Yosefu lilikuwa limesimama mbele ya bandari ya Dar es Salaam. Pamoja na hayo yote, Wazaramo wengi wakasilimu. Kama dini hufuata bunduki tu, hilo tunalielezaje?

Na Kinjikitile wa Ngarambe je? Alipandwa na pepo Hongo, akagawa maji ya dawa, Wamatumbi na Wangindo wakaunganishwa na imani ambayo haikuwa ya kabila moja. Alinyongwa Agosti 1905, vita hivyo vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vikaendelea hadi 1907. Yule hakuletewa na mtu. Alichukua mizimu aliyoikuta akaifanyia kazi mpya.

Bibi yangu mzaa mama, Mzaramo wa upande wa Kisarawe, alikuwa hakosi swala. Siku ya tambiko alikoroga unga wa mtama katika kata ya maji, akainama kaburini kwa baba yake, akaanza na "Bismillahi", ndipo akawaita wazee kwa majina, mmoja mmoja, taratibu. Mwali akiwekwa ndani, mwana hiti, kile kisanamu cha mbao cha mwali, alikuwepo. Akitolewa, maulidi yalisomwa. Nani alimpangia hivyo? Si shehe wala padri. Alipanga yeye na makungwi wenzake.

Mchangiaji: Kaka, heshima yako, ila umeruka jambo. Mjerumani alitawala kwa maakida, yaani wasimamizi wake wa wilayani, wengi wao Waislamu wa pwani. Asiyesilimu aliitwa mshenzi. Mtu akikimbia tusi hilo, utasema amechagua?

Mleta mada: Hapo umenigusa, na nakubali: neno "mshenzi" liliwaumiza watu kweli, na wapo waliobadili jina kwa sababu hiyo tu. Lakini akida alitaka kodi na vibarua. Hakuingia ndani kwa mwali kuamua kipi kibaki na kipi kitoke. Kubanwa walibanwa, ninachokataa ni kusema kwamba aliyebanwa hakuwa na akili yake. Tukisema hivyo tunarudia walichosema wakoloni juu yao.

Sasa naomba wenye asili ya Maneromango, kule Kisarawe, walikofanya kazi Walutheri wa misheni ya Berlin: wazee wenu waliobatizwa, tambiko waliliacha, au walilihamishia wapi?