Riquelme: alishindwa Ulaya, au alipangwa vibaya?

Dogo_Chenga: Wakuu, kila nikimsifia Juan Román Riquelme, yule kiungo Muargentina, jamaa yangu ananitupia lile la Barcelona. Alikwenda 2002, akachemsha, basi. Mimi nimemwona kwenye klipu tu. Nyie mliomfuatilia, alikuwa mkali kweli au ni mahaba ya watu wa Boca Juniors, klabu yake ya Argentina?

MzeeWaPasi: Jamaa yako aanzie Tokyo, Novemba 2000, Kombe la Mabara, bingwa wa Amerika Kusini Boca dhidi ya bingwa wa Ulaya. Dakika ya 6 tu Real Madrid wameshalala 2-0, yote ya mshambuliaji wetu Palermo, na la pili ni pasi ndefu ya Riquelme kutoka nusu ya Boca. Kilichofuata ndicho ninachokipenda: alikaa na mpira. Anampa kiungo wao Makélélé mgongo, anaukanyaga kwa soli, anageuka kidogo, anachezewa faulo, muda unakwenda. Madrid waliambulia moja.

Barcelona, kocha Van Gaal alimpanga pembeni. Mtu asiye na mbio unampeleka winga, halafu unalalamika hakimbii! Alipokuja Ronaldinho 2003, yeye akatolewa kwa mkopo Villarreal. Huko kocha Pellegrini akampa timu aiendeshe atakavyo: nafasi ya tatu La Liga 2005, kisha nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mji wenyewe una watu kama 50,000.

Beki_Katili: Mzee, mbona penalti umeiruka? Aprili 2006, nusu fainali hiyohiyo, nyumbani kwao El Madrigal, dakika za lala salama, kipa wa Arsenal Lehmann kaipangua. Arsenal wakapita kwa bao lao moja la kwao Highbury. Mchezaji mkubwa hakosi pale.

MzeeWaPasi: Wanakosa, na ile ilipigwa vibaya, sibishi. Ila mimi haininyimi usingizi kama Berlin, miezi miwili baadaye. Robo fainali ya Kombe la Dunia na Ujerumani: kona yake, kichwa cha Ayala, Argentina wanaongoza. Dakika ya 72 kocha Pékerman anamtoa, anaingia Cambiasso kulinda bao. Dakika ya 80 Klose anasawazisha. Kipa alishaumia akabadilishwa, Crespo naye katoka, nafasi za kubadilisha zimekwisha, na dogo Messi yuko benchi anatazama tu. Dakika 30 za nyongeza hakuna wa kuutuliza mpira. Matuta, Wajerumani 4-2. Unamtoaje mtu anayejua kuuficha mpira wakati kazi iliyobaki ni kuuficha mpira?

Beki_Katili: Kwa Pékerman tuko pamoja. Lakini alikuwa mzito, tusidanganyane.

MzeeWaPasi: Mzito kweli. Muulize Yepes, beki wa River, mahasimu wa Boca, robo fainali ya Libertadores 2000, Ligi ya Mabingwa ya Amerika Kusini. Riquelme yuko karibu na mstari wa pembeni, kampa mgongo, hana pa kwenda. Akauvuta mpira kwa soli, ukapita katikati ya miguu ya Yepes, yeye akazungukia upande wa pili. Tobo la mtu ambaye hata hajamtazama beki. Na 2007 alipowarudia Boca kwa mkopo, mechi mbili za fainali ya Libertadores na Grêmio ya Brazil alifunga matatu, mawili kwao kulekule Porto Alegre. Uzito huohuo.

Dogo_Chenga: Nimemtumia jamaa yote haya. Eti Kombe la Mabara lilikuwa bonanza, Madrid hawakulitilia maanani.

MzeeWaPasi: Bonanza wakaanza na Casillas, Hierro, Roberto Carlos, Figo na Raúl?