Nataka kuacha uhasibu nikasomee unasihi (ushauri nasaha) baada ya kufiwa na mdogo wangu, nianze sasa au nisubiri?

Mhasibu14: Wadau habari zenu. Mi ni mhasibu mwaka wa 14 huu. Miezi 9 iliyopita mdogo wangu aliugua siku tatu tu akafariki, na kila mtu alikuwa ananiambia jikaze jikaze, mpaka nilipokutana na mnasihi mmoja aliyeniacha nilie bila kuniharakisha. Tangu hapo nikikaa na mahesabu naona kama napoteza muda, nataka na mimi nimfanyie mtu mwingine vile nilivyofanyiwa. Niandike barua ya kuacha kazi? Naombeni mawazo ya kweli.

Dada_Msikivu: Pole sana ndugu yangu. Mi nilianza kusoma mwaka mmoja baada ya kufiwa na mume wangu, nikidhani uchungu wangu ndo utanifundisha kazi. Darasani tulikuwa tunakaa watatu watatu, mmoja anaongea, mmoja anasikiliza, wa tatu anaangalia, na huyo wa tatu kila siku ananiambia umemkatiza mwenzio ukaanza kusema ya kwako. Iliniuma lakini alikuwa sahihi. Baadaye nikapata mteja mjane, akaniambia mumewe alipokufa alihisi nafuu. Mi ambaye ningetoa chochote wangu arudi hata siku moja! Nilitoka pale natetemeka, nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi wangu, yule mnasihi mzoefu anayeniongoza kazini. Sasa jiulize, mtu akikuambia hivyo kuhusu mdogo wake utaweza kubaki naye?

Pole_Pole: Naongezea kidogo. Zile hatua tano za huzuni ambazo watu wanazitaja kila msibani (kukana, hasira, kubembeleza, huzuni nzito, kukubali), daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross aliziandika 1969 baada ya kuongea na wagonjwa wanaokaribia kufa wenyewe, sio wafiwa, kwa hiyo usiingie kazini ukimpima mtu amefika hatua ya ngapi. Mi naona watafiti wa mambo ya msiba, Stroebe na Schut (1999), wako karibu zaidi na ukweli, wanasema mfiwa anayumba, leo yuko ndani ya msiba, kesho yuko kwenye mambo ya kuishi, kisha anarudi tena. Anayecheka sio lazima awe anaficha. Na kazi usiache kwanza, tafuta kozi fupi ya jioni ya kusikiliza, au jitolee.

Mhasibu14: Asanteni sana. Dada, swali lako nimelala nalo. Jibu la kweli ni kwamba kwa sasa siwezi, ningemkatiza, pengine ningemkasirikia kabisa. Kwa hiyo barua nimeifuta, naendelea na mnasihi wangu na nimeanza kuulizia kozi ya jioni. Ila hamu haijapungua hata kidogo. Huyo mjane aliendelea kuja?

Dada_Msikivu: Aliendelea, karibu mwaka mzima.